Kami au tayo? Kutafuta chanzo pale “sisi” ya Kifilipino inapokwenda kombo

Mtu aliyekulia katika Kiswahili akianza kujifunza Kifilipino, lugha ya taifa ya Ufilipino iliyojengwa juu ya Kitagalog, hukuta kwamba “sisi” moja aliyoizoea imegawanyika mara mbili. “Tayo” ni sisi ambayo anayeambiwa yumo ndani yake, na “kami” ni sisi ambayo anayeambiwa hayumo. Kanuni hiyo inaenea katika mstari mmoja na hakuna anayeshindwa kuikariri, ila makosa huendelea kwa muda mrefu baada ya kukaririwa, kwa sababu Kiswahili hakijawahi kumdai mzungumzaji wake uamuzi wa namna hii kabla hajafungua kinywa. Ndiyo maana maelezo haya yanaanzia kwenye dalili, yaani kile kilichotokea baada ya wewe kusema, kisha yanarudi nyuma kutafuta kilichosababisha.

Kabla ya lolote, tenganisha aina mbili za makosa. Kila “sisi” ya Kifilipino ina sura tatu kulingana na nafasi yake katika sentensi: ile ya kujumuisha ina “tayo”, “natin” na “atin”, na ile ya kutenga ina “kami”, “namin” na “amin”. Kwa hiyo unaweza kukosea kundi, ukamweka ndani mtu aliye nje au ukamtoa aliye ndani, na unaweza kupatia kundi ukakosea sura. Njia ya kuyatofautisha ni kumtazama msikilizaji. Akishangaa ni nani anayehusika, kosa ni la kundi. Akijua wahusika lakini akashangaa nani amemfanya nani nini, kosa ni la sura. Walimu wengi huyatibu yote mawili kwa jedwali lilelile la viwakilishi, na kwa maoni yangu hapo ndipo mwanafunzi anapopotezewa muda, maana jedwali linafundisha sura tu.

Umewaalika watu, hakuna aliyeinuka

Chakula kiko tayari, nawe unamwambia mgeni “Kakain na kami”, ukikusudia kwamba tunakula sasa, basi karibu. Mgeni anajibu kwa adabu “Sige, kain lang kayo”, yaani haya, ninyi kuleni tu, na anabaki alipo au anaanza kuaga. Alichokisikia ni taarifa kwamba ninyi wenyeji mnakwenda kula, na yeye si mmoja wenu. Mwaliko unataka “tayo”: “Kain na tayo”, au kwa ufupi “Kain tayo”, maneno ambayo Mfilipino humwambia hata mtu anayepita karibu yake wakati anakula, kama sisi tunavyosema “karibu chakula” bila kujali kama anayepita ana njaa au hana.

Chanzo chake mara nyingi ni mazoea ya siku za mwanzo. Mwanafunzi huanza kwa kujieleza, “Taga-Kenya kami”, sisi ni wa kutoka Kenya, “Nars kami”, sisi ni wauguzi, na katika kujieleza kwa namna hiyo msikilizaji huwa nje kila mara. “Kami” inakaa kichwani kama tafsiri ya kawaida ya “sisi”, na “tayo” inaonekana kama neno la ziada la kutumiwa siku maalumu.

Dawa iko ndani ya Kiswahili chenyewe. Sentensi za kualikana na kuhimizana huchukua “tu-” mwanzoni na “-e” mwishoni: twende, tule, tuanze. Wakiambiwa watu wengi, huongezwa “-ni”: twendeni, tuleni, tuanzeni. Hiyo “-ni” ndiyo kipimo kizuri kuliko vyote ninavyovijua. Ikiwa neno lako linaweza kuipokea bila maana kuharibika, msikilizaji yumo na Kifilipino kinataka “tayo” au ndugu zake. Kipimo hiki hakidanganywi hata na umbo linalofanana. Wageni waliosimama mlangoni wakiuliza “Tuingie?” wametumia “tu-” na “-e”, lakini hakuna mgeni anayeomba ruhusa kwa kusema “Tuingieni?”, kwa sababu mwenye nyumba tayari yuko ndani. Mfilipino aliye mlangoni, akishaita “Tao po!”, ambayo ndiyo hodi ya kwao, atauliza “Puwede po ba kaming pumasok?”, tunaweza kuingia?, na hiyo “kami” iliyo ndani ya “kaming” inaonyesha wazi kwamba wanaoingia ni wageni peke yao.

Umemtia ndani mtu asiyehusika

Kosa la upande wa pili lina gharama zaidi. Ukimwambia mwenye nyumba unayopanga “Babayaran natin ang upa sa Biyernes”, umemwambia kwamba wewe na yeye mtalipa kodi Ijumaa. Anaweza kucheka, na anaweza pia kuuliza lini alianza kuwa mpangaji wake mwenyewe. Ulitaka “Babayaran namin ang upa sa Biyernes”. Chanzo hapa ni kwamba mtu aliyekwisha kosolewa mara kadhaa kwa kusema “kami” penye mwaliko huogopa, akaanza kusema “tayo” na “natin” kila mahali, akidhani ndiyo njia ya kuwa mkarimu.

Kwa sentensi zisizo za mwaliko, “-ni” haisaidii, hivyo tumia kipimo kingine: badilisha “sisi” kwa “mimi na wewe”, kisha kwa “mimi na wenzangu”, uone ipi inabaki na akili. “Mimi na wewe tutalipa kodi” haisimami mbele ya mwenye nyumba, na jibu limepatikana. Usijaribu kupima kwa “sote”. Neno hilo linaonekana kama linajumuisha, lakini ukimsimulia rafiki uliyemwacha nyumbani kwamba “tulifika sote salama”, yeye hayumo. Kifilipino kinazo “sote” mbili, “tayong lahat” na “kaming lahat”, na vivyo hivyo kwa “sisi wawili”: “tayong dalawa” ni mimi na wewe, “kaming dalawa” ni mimi na mwingine asiyekuwa wewe.

Kuna dalili moja ya aina hii inayowapata hasa watu wetu walioko nchi za Ghuba, ambako Wakenya, Waganda na Watanzania hufanya kazi bega kwa bega na Wafilipino hotelini, hospitalini na majumbani. Unaeleza hali ya hewa ya kwenu, unasema “Sa atin, mainit kapag Pebrero”, ukikusudia kwamba kwetu Februari ni joto, na mwenzako anakubali kwa kichwa kisha anakusahihisha kwamba Februari ni baridi kidogo. Hamzungumzii mahali pamoja. Umeokota “sa atin” kwa sikio kutoka kwa Wafilipino wakizungumza wao kwa wao, na wao wanapoambiana “sa atin” wanamaanisha kwetu sote, yaani Ufilipino. Neno lilikuwa sahihi midomoni mwao kwa sababu aliyeambiwa alikuwa wa huko. Wewe ukimwambia Mfilipino, kwenu si kwao, kwa hiyo ni “Sa amin sa Mombasa, mainit kapag Pebrero”. Ukikutana na Mkenya mwenzako anayejua Kifilipino, hapo “sa atin” inarudi kuwa sahihi, na inamaanisha Kenya. Yeyote anayejifunza kwa kusikiliza, ambayo kwa kweli ndiyo njia ya wengi, ajizoeze kujiuliza maneno aliyoyasikia yalielekezwa kwa nani.

Umehesabu waliopo badala ya anayeambiwa

Hili ndilo kosa linalowakwamisha hata waliosoma vizuri. Mwanafunzi anatazama chumba, anaona waliomo, anachagua “tayo” kwa sababu wote wako pale. Lakini Kifilipino hakiangalii aliyesimama karibu. Kinaangalia yule ambaye sentensi imeelekezwa kwake. Chukua ndugu wawili na mgeni mmoja mezani. Ndugu mmoja akimgeukia mwenzake anauliza “Nasaan ang susi natin?”, ufunguo wetu uko wapi. Akimgeukia mgeni, pumzi ileile, anasema “Nawawala ang susi namin”, ufunguo wetu umepotea. Ufunguo ni mmoja, wenye ufunguo ni walewale, na ndugu hajaondoka mezani, ila “yetu” imebadilika kwa sababu uso umegeuka.

Kutoka hapo utaelewa kwa nini “nanay namin” ni sahihi ukimwambia jirani habari za mama yenu, lakini ukimwambia ndugu yako wa tumbo moja maneno hayohayo umemwambia kwamba mama huyo si wake. Kwa ndugu ni “nanay natin”. Kwa Kiswahili “mama yetu” inatosha kwa wote wawili, na ndugu hana sababu ya kuhuzunika.

Mfano ulio wazi kuliko wote unasikika kanisani, kila Misa inaposomwa kwa Kifilipino. Padri akiwaalika waumini husema “Manalangin tayo”, tuombe, kwa sababu anazungumza na watu na yeye ni mmoja wao katika kuomba. Waumini wakianza Sala ya Bwana husema “Ama namin”, Baba yetu, na kuendelea na “kami” hadi mwisho, kwa kuwa sasa anayeambiwa ni Mungu, naye hayumo katika kundi la wanaoomba mkate wa kila siku na msamaha wa dhambi. Salamu Maria ni hivyohivyo: “ipanalangin mo kaming makasalanan”, utuombee sisi wakosefu. Kanisa ni lilelile na watu ni walewale, lakini kiwakilishi kimegeuka pamoja na mwelekeo wa sauti. Mwanafunzi Mkristo aliyezishika sala hizi ana kielelezo anachoweza kukirejea wakati wowote akipata shaka.

Katika maandishi uamuzi huwa mgumu zaidi, maana msomaji haonekani. Ukiandika tangazo kwa wauguzi wenzako utasema “tayong mga nars”. Barua hiyohiyo ikienda kwa mkurugenzi ambaye si muuguzi itakuwa “kaming mga nars”. Likiwa ni tangazo la kusomwa na wote, amua msomaji wako mkuu ni nani ushike uamuzi huo mpaka mwisho, kwa kuwa kuchanganya ndiko kunakomchosha msomaji. Utangulizi wa Katiba ya Ufilipino ya 1987 katika Kifilipino unaanza kwa “Kami, ang nakapangyayaring sambayanang Pilipino”. Wengine hushangaa kwamba waraka wa taifa zima haukuchagua “tayo”. Naona uchaguzi huo una mantiki: pale watu hawazungumzi wao kwa wao, wanajitangaza kwa sauti moja mbele ya yeyote atakayesoma.

“Wewe” na “sisi” zimegongana katika sentensi moja

Hapa uchunguzi ni mfupi. Ikiwa “sisi” inamtendea “wewe” jambo, au “wewe” anaitendea “sisi”, basi wewe uko upande mmoja na sisi iko upande wa pili, na sisi hiyo ni ya kutenga. “Hinihintay ka namin”, tunakusubiri. “Tulungan mo kami”, tusaidie. Ukijikuta umesema “Hinihintay ka natin”, umemtaka msikilizaji ajisubiri mwenyewe. Kila uonapo “ka”, “mo” au “kayo” upande wa pili wa kitendo, anza na “kami” au “namin”.

“Kita” imeingia mahali pasipo pake

Mtu aliyewahi kujifunza Kimalei au Kiindonesia huleta “kita” kama sisi ya kujumuisha, kwa kuwa huko ndivyo ilivyo, na “kami” ya huko inafanana kabisa na ya Kifilipino, jambo linalomfanya aamini kwamba na nyingine inafanana. Katika Kifilipino cha leo “kita” inabeba nafsi mbili kwa mpigo, mimi nikimtenda wewe mmoja: “Nakita kita”, nilikuona, “Mahal kita”, nakupenda, “Tatawagan kita”, nitakupigia simu. Wakiwa wengi inavunjika na kuwa “ko kayo”: “Tatawagan ko kayo”. Dalili ya kosa hili ni kwamba ulitaka kusema “tunapenda” na msikilizaji akakuangalia kama aliyetongozwa.

Udugu wa maneno haya ni wa kweli. Zamani Kitagalog kilikuwa na “kita” ya watu wawili, mimi na wewe bila mwingine, na sisi ya wawili bado iko hai katika lugha nyingine za Ufilipino kama Kiilokano na Kikapampangan. Katika Kisebuano, lugha ya sehemu kubwa ya Visayas na Mindanao, yaani visiwa vya kati na kusini mwa Ufilipino, “kita” ni sisi ya kujumuisha mpaka leo. Kwa hiyo ukimsikia mwenzako kutoka Cebu akisema “kita” kwa maana ya sisi, usianze kuitilia shaka kanuni yako. Huenda amehamia lugha yake ya nyumbani katikati ya mazungumzo, kama wafanyavyo watu wengi wenye lugha zaidi ya moja.

Kundi ni sahihi, lakini wali umekula watu

Sasa tunaingia kwenye makosa ya sura. Umekusudia “tulikula wali”, ukasema “Kinain kami ng kanin”. Uliowataja ni sahihi, msikilizaji hayumo, ila ulichosema ni kwamba wali ulitula. Chanzo ni kitenzi. Kitenzi cha Kifilipino huchagua ni nani katika sentensi atakayetangulizwa, mtenda au mtendwa, na kiwakilishi hufuata uchaguzi huo. “Kumain” humtanguliza mtenda, hivyo mtenda huchukua “kami” au “tayo”: “Kumain kami ng kanin”. “Kinain” humtanguliza kilicholiwa, hivyo mtenda hurudi nyuma na kuchukua “namin” au “natin”: “Kinain namin ang kanin”. Kiswahili kinatutia usingizi hapa, kwa sababu “tu” yetu ni ileile ikitenda na ikitendwa: tunapenda, wanatupenda.

Mahali kosa hili linapojificha zaidi ni kwenye mialiko. Mwanafunzi akishaelewa kwamba kualika ni “tayo”, huing’ang’ania hata kitenzi kinapotanguliza kitu, akasema “Linisin tayo ang kusina”. Alitaka “Linisin natin ang kusina”, tusafishe jiko, au akipenda “tayo” basi abadili kitenzi: “Maglinis tayo ng kusina”. Ukiona “ang” imeshikwa na kitu kinachotendwa, weka “natin” au “namin” kwa mtenda.

Sura ya tatu, “atin” na “amin”, hutokea baada ya “sa” na kabla ya kitu kinachomilikiwa. “Para sa atin” ni kwa ajili yetu. “Ang aming bahay” ni nyumba yetu, sawa na “ang bahay namin”. Ukisikika ukisema “sa kami” au “sa namin”, hapo ndipo pa kurekebisha.

Maneno ni sahihi, mpangilio umekataa

“Kumain kami na” inaeleweka lakini inakwaruza sikio. Viwakilishi vifupi vya silabi moja hutangulia “na”, kama katika “Kumain ka na”, umeshakula. Vya silabi mbili hufuata: “Kumain na kami”. Ukiongeza “po” ya heshima, nayo hutangulia: “Aalis na po kami”, sasa tunaondoka. Kwenye ukanushi kiwakilishi huhama na kukaa baada ya “hindi”: “Hindi kami kumain”, na si “Hindi kumain kami”. Umbo la neno halibadiliki.

Umeambiwa “tayo” na huoni sehemu yako

Mara nyingine tatizo liko kwenye kusikia. Muuguzi anamwambia mgonjwa “Uminom na tayo ng gamot”, tunywe dawa sasa, na yeye hanywi chochote. Hajakosea, ametumia “tayo” kulainisha amri, na wauguzi wa kwetu nao husema “tunameza dawa eti?” kwa maana hiyohiyo. Usiige mpaka uwe na uhakika wa cheo chako mbele ya unayemwambia. Vilevile “Tayo na” ni “haya, twende”, lakini kati ya vijana wawili “Tayo na ba?” huulizia kama sasa wamekuwa wapenzi rasmi. Ukiulizwa hivyo huku hakuna safari yoyote iliyopangwa, fikiri kabla ya kujibu ndiyo.

Hesabu ya watu imezidi

Unasema “Pumunta kami kasama si Juma” na msikilizaji anafikiri mlikuwa watatu au zaidi, ilhali mlikuwa wewe na Juma tu. Kwa bahati Kiswahili kina msemo unaolingana kabisa na unaotakiwa: “tulikwenda na Juma” kwa wengi wetu humaanisha mimi na Juma. Kifilipino husema “Pumunta kami ni Juma”, na Juma yumo tayari ndani ya “kami”. Wakiwa wawili wenye majina, “kami nina Juma at Asha”.

Ikiwa bado hujui ulikosea wapi

Sikiliza swali utakalorudishiwa. Mfilipino asiyejua kama amehesabiwa huuliza “Kasama ba ako?”, mimi nimo? Swali hilo linakuthibitishia kwamba kosa lilikuwa la kundi, na linarekebishwa papo hapo kwa “Oo, kasama ka” au kwa “Hindi, kami lang”, hapana, ni sisi tu. Jibu hilo la pili ni kavu kidogo, hasa kwa mgeni. Sikiliza pia maneno yaliyorudiwa, “tayo-tayo lang” na “kami-kami lang”, ambayo yote kwa Kiswahili tungeyasema “sisi kwa sisi tu”. La kwanza huambiwa mtu aliyealikwa ili asione haya, kwamba mkusanyiko ni mdogo na yeye ni wa humo. La pili humjulisha, bila kumfukuza, kwamba shughuli hiyo ni ya wenyewe.